TAHARIRI: Faili likipotea Kirolirwe, hakuna mtandao wa kulirudisha

Barabara inayotoka Sake kwenda Kitshanga hupanda milima ya Masisi, hukata malisho ya ng'ombe na mashamba ya maharagwe, kisha hufika Kirolirwe, katika sheferi ya Bashali. Jina la kijiji hiki limezoeleka katika habari za vita. Kabla ya 2009 kilikuwa moja ya ngome za CNDP ya Laurent Nkunda. Mwezi wa kwanza wa 2023, M23 ilipouteka mji wa Kitshanga, raia wa eneo hilo walibeba tena magodoro yao na kukimbia. Ni mara chache jina hilo hutajwa katika mazungumzo ya watu wanaotengeneza programu za simu. Lingetajwa, makosa mengi yangeepukwa.

Mtu anayekimbia hana nafasi ya kubeba sanduku la karatasi. Kinachobaki mfukoni ni simu. Ndani yake mna picha ya karatasi ya shamba, picha ya diploma ya mtoto, picha ya kadi ya mchaguzi, sura ya mzazi aliyefariki. Mara nyingi vitu hivyo havimo katika simu yenyewe. Vimo katika kadi ya memori, kitu kidogo kama ukucha, kinachoweza kuchomolewa na kufichwa ndani ya pindo la nguo. Katika Masisi, ambako ugomvi wa mashamba umechochea vita mara nyingi, picha ya karatasi ya shamba inaweza kuwa ushahidi pekee uliobaki kwa familia nzima.

Kadi hiyo ina kazi nyingine pia. Pale ambapo rezo ni ya kubahatisha na mega ni ghali, kadi ndiyo maktaba ya kijiji. Nyimbo, mahubiri, filamu na masomo husafiri kutoka simu hadi simu kupitia kibanda cha kuchaji, si kupitia intaneti. Muuguzi wa kituo cha afya na mtu anayeandikisha wahami kwa ajili ya msaada hutumia programu kama KoboCollect au ODK Collect: wanajaza fomu bila rezo, kisha wanazituma wakifika mahali penye rezo. Kati ya saa ya kujaza na saa ya kutuma, ambayo inaweza kuwa siku kadhaa, nakala ya pekee ya kazi hiyo iko katika simu.

Kwa hiyo swali linaloonekana kuwa la mafundi tu, yaani programu inaweka wapi faili mtu anapobonyeza «Hifadhi», ni swali la kila mtu. Na jibu lake hubadilika kutoka simu moja hadi nyingine kuliko watumiaji wengi wanavyodhani.

Shida ya kwanza iko katika jina lenyewe. Android, mfumo unaoendesha simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Goma, Bukavu na Bunia, una sehemu inayoitwa «hifadhi ya nje». Mtu wa kawaida akisikia «nje» anafikiri kadi. Sivyo. Katika simu nyingi za leo, hifadhi ya nje ya kwanza ni kipande cha kumbukumbu ya ndani ya simu, na hata folda yenye jina «sdcard» haina uhusiano na kadi iliyochomekwa. Kadi halisi ni hifadhi ya nje ya pili. Mtunga programu asiyejali tofauti hiyo anaweka kwenye skrini maneno «Imehifadhiwa kwenye kadi», wakati faili limebaki ndani ya simu. Siku simu inapozima na kukataa kuwaka, mwenyewe anachomoa kadi akiamini ameokoa mali yake, kumbe kadi ni tupu.

Shida ya pili ni kwamba simu hazifanani. Katika simu za zamani za Samsung, njia ya kufikia kadi iliitwa «extSdCard». Katika simu za kampuni nyingine iliitwa «sdcard1» au «external_sd». Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, kadi hutambulishwa kwa herufi na tarakimu zinazotoka kwenye kadi yenyewe, hivyo kadi mbili kwa kawaida hazina jina moja. Programu iliyoandikiwa njia moja tu, ikajaribiwa kwenye simu moja ya ofisini, itafanya kazi vizuri siku ya maonyesho na kukwama mikononi mwa muuguzi mwenye Itel au Tecno.

Shida ya tatu ni kanuni zinazobadilika. Android 4.4, iliyotoka 2013, ilizuia programu za kawaida kuandika popote kwenye kadi isipokuwa katika folda zao wenyewe. Mwaka 2014, Android 5.0 ilifungua mlango mwingine: mtumiaji mwenyewe achague folda na kuipa programu ruhusa. Android 10 ya 2019 ilileta utaratibu mpya wa kutenganisha mafaili ya kila programu, na Android 11 ya 2020 ikaufanya kuwa lazima kwa programu zinazotengenezwa kwa ajili yake. WhatsApp ilihamisha folda yake. ODK Collect nayo ililazimika kuondoa fomu zake katika folda ya wazi na kuziweka ndani ya folda ya programu yenyewe. Katika kijiji kimoja, matoleo haya yote yanaweza kukutana siku moja, kwa sababu simu hupita kutoka mkono hadi mkono na hutumiwa mpaka ife. Programu inayojua toleo moja tu haijui kijiji.

Shida ya nne ndiyo inayoumiza zaidi. Folda ya ndani ya programu hufutwa programu inapoondolewa, hata ile iliyo kwenye kadi. Simu yenye nafasi ya GB 8 au 16 hujaa upesi, na ikijaa, dawa ya kwanza anayoijua kijana wa kibandani ni kufuta programu na kuiweka upya. Fomu ambazo hazijatumwa huondoka pamoja nayo. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya namna hii inaoza kwa kubonyeza mara moja, na aliyebonyeza hakuambiwa.

Kuna pia chaguo lililoletwa na Android 6.0, la kuifanya kadi kuwa sehemu ya simu. Hapo kadi hufungwa kwa ufunguo ulio ndani ya simu hiyo, na simu nyingine haiwezi kuisoma. Kwa mtu anayehofia kadi kuibwa, ni kinga nzuri. Kwa mtu anayetegemea kadi ili kuokoa picha zake simu ikivunjika, ni kaburi.

Baada ya kusikia hayo, wengine watasema suluhisho ni jepesi: kila kitu kiwekwe wazi kwenye kadi, nje ya folda ya programu, ili kisipotee. Hapa ndipo hali ya Masisi inapodai akili zaidi. Kadi ya kawaida haina mlango. Yeyote anayeichomoa na kuiweka katika simu nyingine au kompyuta anasoma kila faili lisilofungwa kwa siri. Na barabara za Kivu ya Kaskazini zina bariyeri nyingi, ambako simu ya mpita njia inaweza kudaiwa na kufunguliwa. Orodha ya majina ya wahami, kijiji alikotoka kila mmoja, jina la mama aliyetibiwa baada ya kubakwa, ushuhuda wa mtu aliyeona mauaji: haya hayafai kukaa kwenye kadi bila kufuli. Katika eneo ambalo jina na kijiji vinaweza kumfanya mtu ashukiwe kuwa wa upande fulani, orodha iliyoachwa wazi ni hatari kwa waliomo na kwa aliyeibeba.

Basi kuna mambo mawili yanayovutana: faili lisipotee, na faili lisionwe na asiyehusika. Kosa la programu nyingi ni kuchagua moja na kusahau jingine. Njia ya haki ni kuuliza kwanza faili ni la nani.

Kilicho mali ya mtumiaji, kama picha ya karatasi ya shamba, diploma, somo la mtoto au wimbo, kiwekwe mahali anapopachagua mwenyewe, kwenye kadi yake, katika folda anayoijua, na kibaki pale hata programu ikifutwa. Android inatoa njia ya kufanya hivyo kupitia dirisha la kuchagua folda. Programu haina haki ya kufukia mali ya mtu ndani ya folda yake kisha kwenda nayo.

Kilicho siri ya watu wengine, kama fomu za hospitali na orodha za msaada, kikae ndani ya programu, kifungwe kwa siri, kitumwe mara rezo inapopatikana, na nakala yake ya kadi, ikihitajika, isifunguke bila nenosiri. Na kabla programu kama hiyo haijafutwa, timu iwe imefundishwa kuangalia idadi ya fomu zilizobaki. Idadi hiyo ionekane kwenye ukurasa wa kwanza kwa tarakimu kubwa, isifichwe ndani ya menyu ya tatu.

Yupo atakayeuliza kwa nini watu wahangaike na kadi wakati dunia nzima inaweka mafaili yake mtandaoni. Jibu lilionekana Goma kwenyewe mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini: umeme na intaneti vilikatika. Kama mji mkuu wa jimbo unaweza kubaki gizani, mtu wa Kirolirwe hawezi kuambiwa kwamba maisha yake yako salama mtandaoni. Mtandao ni ghala nzuri pale njia ya kwenda ghalani iko wazi. Njia ikifungwa, mtu anaishi kwa alicho nacho mfukoni.

Kuna kazi ambayo watunga programu wanaweza kuifanya bila kungoja amani wala fedha za wafadhili. Programu iulize simu ina hifadhi ngapi, isikisie njia. Iangalie kama kadi ipo na kama nafasi inatosha kabla ya kuandika, kwa sababu kadi huchomolewa wakati wowote. Iandike kwanza faili la muda, na ikishamaliza ndipo ilipe jina lake halisi, ili betri ikiisha katikati lisibaki faili bovu. Ilisome tena faili ililoandika, maana masoko yana kadi bandia zinazodai GB 64 na kubeba sehemu ndogo tu ya hizo. Ikumbuke kwamba kadi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Na ikishindwa, iseme imeshindwa, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Programu inayonyamaza baada ya kushindwa ni mbaya kuliko isiyokuwepo.

Majaribio nayo yabadilike. Kujaribu programu kwenye simu moja mpya yenye rezo ya mjini si kujaribu. Chuo Kikuu cha Goma, ULPGL na vyuo vingine vinavyofundisha informatiki mashariki mwa Congo vina wanafunzi wanaotoka Masisi, Walikale na Rutshuru, ambao wanazo simu hizohizo za zamani mikononi. Kazi ya mwisho wa masomo ingeweza kuwa hii: chukua simu 10 za kampuni na miaka tofauti, jaza kadi, ichomoe katikati ya kuandika, zima simu ghafla, futa programu, kisha uhesabu kilichobaki.

Mashirika yanayonunua au kuagiza programu yana wajibu mkubwa zaidi, kwa kuwa ndiyo yanayolipa. Katika mkataba waandike maswali matatu: faili linakaa wapi, nani anaweza kulisoma simu ikinyang'anywa, na nini kinabaki programu ikifutwa. Mtengenezaji asiyeweza kujibu hayo kwa sentensi tatu hajamaliza kazi yake. Sheria ya nchi nayo ipo: Kodi ya Kidijitali ya Machi 2023 imeingiza ulinzi wa taarifa binafsi katika sheria za Congo. Lakini kadi inayopita bariyeri haisubiri hakimu. Ulinzi wake wa kwanza ni uamuzi wa aliyeandika programu.

Mtumiaji naye ana kidogo cha kufanya. Afungue sehemu ya kamera na kuangalia picha zinaenda wapi. Atoe nakala ya karatasi zake muhimu na kuiweka kwa ndugu anayemwamini, katika kadi ya pili. Asikubali simu ipangwe upya kibandani kabla ya kuuliza nini kitafutika. Lakini si haki kumtupia yeye mzigo wote. Mama aliyekimbia na watoto wanne mgongoni na mikononi hapaswi kujua tofauti ya hifadhi ya nje ya kwanza na ya pili ili asipoteze karatasi ya shamba la mume wake.

Huyo ndiye anayepaswa kuwa mbele ya macho ya mtunga programu anapoandika mstari wa kuhifadhi faili. Siku vita vitakapotulia na yeye kurudi Kirolirwe, ataulizwa ushahidi kwamba ardhi ile ni yake. Atachomoa kadi kutoka kwenye pindo la kitenge na kuiweka katika simu ya jirani. Kilichomo, au kisichokuwamo, kitakuwa kimeamuliwa zamani, mezani pa mtu ambaye pengine hajawahi kufika Masisi.