Jetski ya familia: Kinunuliwe chombo, si farasi 300

SOKO la pikipiki za majini, ambazo wengi huziita jetski ingawa jina hilo ni mali ya kampuni ya Kawasaki ya Japani tangu miaka ya 1970, lilimgeukia mnunuzi kuanzia mwaka 2023. Wakati wa janga la korona, mwaka 2020 na 2021, watu wa Marekani na Kanada waliokosa safari walizikimbilia kama karanga, na muuzaji aliyekuwa na moja dukani aliweza kutaja bei aliyoipenda. Viwanda vikaongeza kasi. Riba zilipopanda, wanunuzi wakapungua na maghala yakajaa. BRP ya Quebec, wenye jina la Sea-Doo, walipata mapato ya zaidi ya dola bilioni 10 za Kanada katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2024. Mwaka uliofuata yakashuka chini ya bilioni 8, ingawa hesabu hiyo ya pili iliacha nje biashara ya maboti ambayo kampuni ilikuwa imeamua kuiuza. Makao makuu wenyewe walisema wamepunguza shehena kwa wauzaji ili mali iliyokwama itoke kwanza.

Mwenye fedha taslimu katika soko la namna hiyo ana nguvu ya kupatana bei. Bahati mbaya, wengi huitumia nguvu hiyo kupatana juu ya chombo kisichowafaa. Mfanyabiashara anayetaka kuwafurahisha mke na watoto huingia dukani, huulizia "ile kubwa kabisa", na hutoka na injini ya farasi 300.

Wakubwa waliobaki katika biashara hii ni watatu. Polaris walijitoa mwaka 2004 na Honda wakafuata miaka michache baadaye, na walionunua vyombo vyao walijua maana ya kutafuta spea za kitu ambacho mwenyewe amekitelekeza. Sea-Doo wanayo GTX Limited yenye injini ya Rotax ya sentimeta za ujazo 1,630. Yamaha wanayo FX yenye injini ya lita 1.8 na supachaja. Kawasaki wanayo Ultra 310LX, ambayo nguvu zake zimeandikwa katika jina lenyewe. Zote tatu zina viti vya watu watatu, muziki, mahali pa kufungia mizigo na kiti kinono cha safari ndefu. Bei zao Marekani huzunguka dola 20,000 kabla ya trela, kodi na usafirishaji. Kwa pesa hizo mtu hupata gari dogo jipya lenye paa.

Jambo ambalo muuzaji halitaji mpaka aulizwe ni kwamba kampuni zote tatu huuza chombo kikubwa kile kile bila supachaja. Sea-Doo wana GTX ya farasi 170. Yamaha wana FX HO, ambayo tangu toleo la 2024 ina injini ya lita 1.9 inayovuta hewa kwa kawaida. Kawasaki walileta Ultra 160LX mwaka 2023. Umbo la chini linalokata mawimbi ni lile lile, na viti ni vitatu vile vile. Bei hushuka kwa maelfu kadhaa ya dola. Inayopotea ni kasi ya kuondoka, na kwa baba aliyempakia mtoto wa miaka minane nyuma yake, kasi hiyo ni hasara mtupu. Injini ya 300 ikikazwa mafuta ghafla humrusha abiria aliyekaa nyuma kabla hajajua la kushika. Zaidi ya hapo, kwa maelewano ya muda mrefu watengenezaji wamezuia vyombo vya Marekani visipite sana maili 65 hadi 70 kwa saa, yaani kama kilometa 110. Ile ya 170 hufika kilometa 90 hivi. Mwenye kulipa maelfu ya dola kwa hizo 20 zilizobaki na aulizwe mara ngapi atakimbia hivyo akiwa na familia.

Kisha kuna gharama zinazoendelea. Injini zenye supachaja hudai petroli ya okteni ya juu, na zikikimbizwa kwa nguvu zote tangi la lita 70 halichukui saa moja na nusu. Sea-Doo za zamani za supachaja zilikuwa na washa za kauri ambazo zilipaswa kufunguliwa na kubadilishwa kila baada ya saa 100 hivi za kazi. Zikivunjika, vipande viliingia ndani ya injini na mwenyewe akaanza hesabu mpya. Kasoro hiyo ilirekebishwa baadaye, lakini anayenunua mtumba asikubali neno la mdomo. Aombe daftari la matengenezo, na asipoonyeshwa, apunguze bei kwa kiasi cha kazi yote hiyo, au aondoke.

Usalama ndiyo sehemu ambayo pesa za ziada zina haki ya kwenda. Chombo cha aina hii hugeuzwa na maji yanayosukumwa nyuma na pampu. Mtu akiogopa na kuachia mafuta, maji hayasukumwi tena na usukani unakuwa pambo. Chombo hunyooka kuelekea kile kile alichotaka kukikwepa. Ajali nyingi za wageni huanzia hapo. Sea-Doo walileta breki waliyoiita iBR mwaka 2009, Yamaha wakajibu kwa RiDE mwaka 2015, na Kawasaki wakachelewa mpaka Ultra mpya ya 2022. Mwenye watoto anayenunua chombo cha kale kisicho na kitu hiki kwa sababu kimeng'arishwa vizuri amefanya biashara mbaya, hata kama amepunguziwa nusu ya bei. Vivyo hivyo ufunguo au mpangilio wa mwanafunzi, unaobana kasi: huo ni wa thamani kuliko spika zote. Watengenezaji wanasema asiyefika miaka 16 asiendeshe. Wanaonya pia kwamba abiria akianguka kinyumenyume, nguvu ya maji ya pampu inaweza kumwumiza ndani ya mwili, kwa hiyo avae suruali ya kuogelea ya mpira na si chupi ya ufukweni pekee. Onyo hilo limebandikwa kwenye kila chombo, na karibu hakuna anayelisoma.

Kwa pwani ya Afrika Mashariki ipo hesabu nyingine. Baina ya Mombasa na Unguja maji hupwa na kujaa kwa mita tatu na zaidi nyakati za bamvua, na mahali palipokuwa na kina asubuhi huwa mchanga, mwani na matumbawe mchana. Pampu haifai kuwashwa kwenye maji yasiyofika sentimeta 90, maana huvuta mchanga unaokula ringi yake, na mwani unaoiziba. Vyombo vyepesi kama Sea-Doo Spark, iliyotoka mwaka 2014 kwa dola 4,999, ni furaha tupu ndani ya miamba wakati wa kaskazi. Nje ya miamba wakati wa kusi humpiga mtu mgongo mpaka ajute. Hapo ndipo chombo kizito kinapojilipa. GTX na FX zina kilo 380 hivi bila mafuta, Kawasaki inakaribia 500 ikiwa na mafuta. Mnunuzi akilinganisha uzito kwenye vitabu vya bei aangalie kwanza umepimwa vipi.

Maji ya chumvi nayo hayana urafiki. Injini ya Sea-Doo hupozwa kwa maji yake yenyewe yaliyofungwa kama ya gari, ilhali Yamaha na Kawasaki huvuta maji ya bahari na kuyapitisha ndani. Hiyo ni nukta ya Sea-Doo pwani, japo njia ya moshi wake hupitiwa na bahari pia na hainusuriki bila kusuuzwa. Kusuuza kuna utaratibu: injini iwashwe kwanza ndipo bomba lifunguliwe, na bomba lifungwe kwanza ndipo injini izimwe. Kijana wa kazi akigeuza mpango huo, maji huingia ndani ya injini.

Anayeagiza kutoka ng'ambo ahesabu pia usafirishaji, ushuru na VAT, ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania bara, na aulize kwa maandishi kama dhamana ya kiwanda inamfuata huku. Mara nyingi dhamana hubaki katika nchi chombo kilikouzwa. Kama hakuna fundi wa karibu mwenye kompyuta ya kampuni ile, basi uzuri wa jina hauna kazi. Yamaha yenye fundi inaishinda Sea-Doo isiyo na fundi, hata yenye breki bora.

Wapo wanaotaka kununua moja ya 300 kwa familia na kuikodisha ufukweni siku za kazi ili ijilipe. Wanasahau kwamba mteja wa kukodi hulipa kwa dakika na hukaza mafuta kwa kila dakika aliyolipia. Mwenye nia ya kukodisha anunue mbili za bei ya chini kwa mtaji huo huo, azisajili, azikatie bima ya biashara, na ile ya familia aiweke kando chini ya turubai.