Gari la mtandaoni: Mkulima wa Singida asikubali kuingizwa mjini

MSIMU wa alizeti unapomalizika mkoani Singida, fedha huingia mikononi mwa watu ambao sehemu kubwa ya mwaka huishi kwa kukopa. Mkulima wa Mtinko au Ikungi aliyeuza magunia yake, mfanyabiashara wa vitunguu katika soko la Misuna, na yule anayekusanya kuku wa kienyeji vijijini na kupeleka matenga Dar es Salaam, wote hurudi kwenye swali moja: waendelee kulipia usafiri wa watu, au wanunue chombo chao?

Swali hilo ni la msingi. Kitunguu kilichokwisha kufungwa kwenye gunia hakisubiri, na mwenye gari analijua hilo anapotaja bei ya kukodi. Ndiyo maana Suzuki Carry, maarufu kama kirikuu, imekuwa ndoto ya wafanyabiashara wengi wadogo, na Canter ndoto ya vikundi.

Zamani aliyetaka gari alipanda basi hadi kwenye yadi za Dar es Salaam, au alimtuma ndugu. Leo picha humfuata hapo alipo, kwenye Facebook, Instagram na makundi ya WhatsApp, zikiwa na bei na namba ya simu. Wauzaji wengi ni wa kweli. Lakini katikati yao wamejaa matapeli ambao hawajawahi kumiliki hata tairi, wanaochukua picha za gari la mtu mwingine na kuziwekea bei yao.

Watu wengi huangalia picha na kujiuliza kama gari ni zuri. Picha haiwezi kujibu lolote, kwa kuwa hata iliyoibwa huwa ni ya gari zuri. Kinachomuumbua tapeli mapema zaidi ni hesabu ya kodi, na hesabu hiyo mnunuzi anaweza kuifanya akiwa Kiomboi au Itigi, bila kumwomba mtu.

Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yake. Mtu huchagua aina ya gari, mwaka lilipotengenezwa, nchi linakotoka, aina ya mafuta na ukubwa wa injini, nacho humpa thamani inayotumiwa na TRA pamoja na kodi zote. Huduma hiyo ni ya bure. Wanunuzi wengi huifungua baada ya kulipia gari, ili wajue wajiandae na kiasi gani bandarini, wakati faida yake kubwa iko kabla ya kulipa.

Tuchukue mfano wa gari dogo la kutembelea lenye injini ya lita 1.5 na umri unaozidi miaka kumi. Tuseme TRA imelithamini kwa Sh milioni 10, pamoja na nauli ya meli na bima. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani Sh milioni 2.5. Juu ya jumla hiyo ya Sh milioni 12.5 huja ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini na asilimia 30 kwa uchakavu, ambao ni Sh 4,375,000. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya vyote hivyo, Sh 3,037,500. Hapo kodi imefika Sh 9,912,500, bila kuhesabu tozo ndogo ndogo, gharama za bandari na malipo ya wakala. Viwango hivyo hubadilika bajeti inapopita, na malori hayatozwi sawa na magari ya kutembelea, ndiyo maana ni vyema kutegemea kikokotoo na si mfano wa gazeti.

Sasa mtu anapotangaza gari la aina hiyo, "limetoka bandarini wiki hii, limelipiwa kila kitu", kwa Sh milioni 7, maana yake anauza chini ya kodi peke yake, na gari lenyewe analitoa bure. Mfanyabiashara wa namna hiyo hayupo. Ama gari halipo, ama lipo na lina kasoro ya kisheria ambayo mnunuzi ndiye atakayeibeba.

Tapeli anajua kuwa bei yake inatia shaka, kwa hiyo huandaa sababu mapema. Mwenye gari anasafiri nje. Mwenye gari anauguza. Shirika la wafadhili linafunga mradi. Sababu inayopendwa kuliko zote ni ile ya mnada: gari limekwama bandarini, linauzwa kwa bei ya kutupwa, na "kuna mtu wetu ndani".

Ni kweli minada ipo. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu mzigo usiotolewa ndani ya siku 21 upelekwe kwenye ghala la forodha na hatimaye uuzwe. Lakini kwa mujibu wa sheria hiyo uuzaji hutanguliwa na tangazo, na fedha ya Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroli namba. Mnada wa siri unaolipiwa kwenye simu ya mtu binafsi ni wizi tu.

Baada ya bei huja kishika uchumba. "Tuma laki tano nikushikie, kuna mtu wa Tabora yuko njiani anakuja na fedha taslimu." Kiasi hicho hupangwa kwa makusudi kiwe kidogo, ili mtu aliyekwisha kuona bei ya mamilioni aone laki tano si kitu. Kesho yake inadaiwa laki tatu ya kubadilisha kadi, keshokutwa laki nne ya dereva wa kulileta Singida, kisha gari "limekamatwa na trafiki Morogoro" na inahitajika laki mbili ya faini. Kila malipo mapya hufanywa kwa ajili ya kuokoa yale yaliyotangulia. Hivyo ndivyo mtu ambaye asingethubutu kutuma Sh milioni tatu kwa mkupuo hujikuta amezituma kwa vipande, na hapo ndipo watu wenye akili zao timamu huingizwa mjini.

Mtaji mkubwa wa tapeli katika biashara hii ni umbali. Kutoka Singida hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 700, na anategemea kuwa mnunuzi ataona uvivu au gharama ya safari. Gharama hiyo ipo, lakini ni nauli ya kwenda na kurudi na malazi ya siku moja au mbili, tena tangu Julai 2024 kuna treni ya SGR kati ya Dodoma na Dar es Salaam kwa anayetaka kugawa safari. Hata ukiongeza posho ya fundi, ni sehemu ndogo sana ya bei ya gari.

Asiyeweza kusafiri ana ndugu au jirani huko. Ndugu huyo asiombwe picha nyingine, kwani picha zipo tele. Aombwe alifikie gari, asome namba ya chasisi kwa macho yake kwenye chuma, na aliwashe injini ikiwa ya baridi. Muuzaji anayekataa hayo, au anayekubali halafu kila siku gari "limetoka kidogo", amekwisha kujibu.

Kwa anayeagiza moja kwa moja kutoka Japani, nchi yanakotoka magari mengi yaliyotumika hapa nchini, hatari ni ya sura nyingine. Hapo hakuna namna ya kwenda kuona, na fedha hutangulia gari kwa wiki kadhaa. Kampuni nyingi zimeifanya kazi hii kwa uaminifu kwa miaka mingi, jambo ambalo ndilo limewapa matapeli nafasi: hufungua tovuti inayofanana na ya kampuni inayojulikana, ikiwa na nembo ile ile na jina lililobadilishwa herufi moja.

Kampuni iliyosajiliwa Japani huwa na namba ya usajili yenye tarakimu 13, ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi ya nchi hiyo. Chama cha wauzaji wa magari yaliyotumika nje ya Japani, JUMVEA, nacho kina orodha ya wanachama. Kijana yeyote anayejua kuperuzi intaneti anaweza kumsaidia mzazi wake kukagua yote mawili kwa nusu saa. Anuani na simu zilizopatikana huko ndizo za kuamini, si zile zilizoandikwa kwenye tangazo.

Kuna mtego mwingine ambao hata waliowahi kuagiza huingia. Mnunuzi anawasiliana vizuri na kampuni ya kweli, wanakubaliana bei, anapata ankara. Siku mbili baadaye inaingia barua pepe nyingine, kama ya mtu yule yule, ikisema akaunti ya zamani ina matatizo na fedha zitumwe kwenye akaunti mpya. Aliyeandika ni mwizi aliyeingia kwenye barua pepe ya upande mmoja na kusoma mazungumzo yote. Kampuni ipo, gari lipo, ila fedha zimekwenda kwingine, na kampuni haitatoa gari ambalo haijalipwa. Dawa ni kupiga simu kwenye namba iliyothibitishwa kabla ya kwenda benki, na kuhakikisha jina la mwenye akaunti ni la kampuni yenyewe. Akaunti ya mtu binafsi, au ya nchi ambayo haihusiki kabisa na gari, ni sababu tosha ya kusitisha.

Gari likishapakiwa melini, mnunuzi anatakiwa kuwa na hati ya shehena, ankara na cheti cha kusafirishia gari nje ya Japani, vyote vikiwa na namba moja ya chasisi. Karatasi ya mnada wa Japani ikipatikana ni bora zaidi, maana huonyesha kilomita lilizotembea na daraja la gari. Herufi R kwenye daraja ina maana gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Si lazima liwe baya, lakini bei yake haipaswi kuwa ya gari zima. Wakala wa forodha naye achaguliwe kati ya wenye leseni, na fedha ya kodi ilipwe kwa kumbukumbu namba iliyotolewa kwa gari hilo, isipitie mfukoni mwake.

Gari lililokwisha kusajiliwa nchini lina ukaguzi wake. Jina kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayeuza, na chasisi ya kwenye kadi na ya kwenye gari zifanane. Maneno kwamba "kadi ipo benki" yana maana kuwa gari ni dhamana ya mkopo. Kama mtu atalinunua hata hivyo, basi malipo yafanyikie benki hapo hapo na mkopo ufutwe mbele yake. Faini za barabarani huangaliwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi, na bima kwenye mfumo wa TIRA. Ofisi ya TRA ndiko umiliki unakobadilishwa, na kutembelea gari kwa kadi ya mtu mwingine miaka mitatu, kama wengi wanavyofanya, ni kulala kwenye nyumba isiyo na mlango. Aidha, muuzaji wa hapa nchini anayedai dola anavunja kanuni za Machi 2025, ambazo zimekataza kutaja bei au kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni.

Aliyekwisha kutapeliwa huchelewa kwa aibu, na saa hizo ndizo tapeli anazozihitaji. Cha kwanza ni benki au kampuni ya simu, kuomba fedha zizuiwe kama bado hazijatolewa. Kisha polisi, akiwa na ujumbe wote, risiti na namba, bila kufuta chochote. Namba ya tapeli itumwe kwenda 15040, ambayo imewekwa kwa ajili hiyo. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa wizi huu pia. Lakini fedha ikishatolewa kwa wakala mmoja na kugawanywa, kuirudisha ni kazi ngumu hata mtuhumiwa akikamatwa.

Hali huwa mbaya zaidi kwa vikundi. Watu ishirini wanaochangia Canter humwachia kazi mmoja wao "anayejua mambo ya mtandao", na fedha ikipotea, hata kama yeye mwenyewe ametapeliwa, kijiji humhesabu kuwa amekula. Kikundi kinachotaka kununua gari msimu huu kingefanya vizuri kuandika kwenye muhtasari wa mkutano majina ya watu wawili watakaokwenda kuliona, fundi atakayefuatana nao na jina la akaunti itakayolipwa, kabla mweka hazina hajaruhusiwa kutoa hata hiyo laki tano ya kishika uchumba.