Gist ya Waholanzi na Kimea cha Wasukuma: Mipaka ya Etimolojia

Neno la Kiholanzi gist, linalotaja chachu ya bia na mikate, ni ndugu wa neno la Kiingereza yeast. Mzizi wao wa kale katika lugha za Kihindi-Ulaya ulikuwa na maana ya kuchemka na kutoa povu. Hefe la Kijerumani na levure la Kifaransa yanatokana na vitenzi vya kuinua. Kiswahili nacho kimepata chachu kutokana na kitenzi chacha: povu limeachwa, ukali umeshikwa. Kila jamii ilitaja ilichokiona au kukionja. Antonie van Leeuwenhoek, Mholanzi wa Delft, aliziona chembe za gist kwa hadubini mwaka 1680 bila kutambua kuwa zina uhai. Hilo lilithibitishwa katika karne ya 19.

Yafaa basi kuhoji mazoea ya kulinganisha istilahi neno kwa neno, kana kwamba kila lugha imekigawa kitendo cha kupika pombe kwa namna moja. Katika kiwanda cha bia, kimea na chachu ni vitu viwili, navyo hutiwa kwa nyakati mbili. Katika pombe ya asili ya mtama, ambayo Wasukuma huiita walwa, mara nyingi haitiwi chachu ya pekee. Mtama hulowekwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa. Kimea hicho hugeuza wanga wa uji kuwa sukari, na vijidudu vilivyomo ndani yake na katika chombo huuchachusha.

Mtafiti atakayefika Bariadi, Itilima au Maswa na hojaji inayouliza “chachu gani hutumika?” huenda akajibiwa “kimea”, kisha akaandika kwamba wapishi hawaijui chachu. Kosa litakuwa la hojaji. Neno kimea, lenye asili ya kitenzi mea, hubeba hapo kazi ambazo Mholanzi amezigawa kati ya mout na gist.

Etimolojia huonyesha neno lilikotoka. Maana yake ya leo hupatikana kazini, penye mtungi na jiwe la kusagia. Kabla ya kusanifisha istilahi za upishi wa pombe, wanaleksikografia wanapaswa kukusanya msamiati wa wanawake wapishi wa Simiyu, hatua kwa hatua, kabla bia ya chupa haijauondoa ujuzi huo pamoja na maneno yake.