Kilwa: Kingereza cha mwanzo kianzie kwenye karatasi

Mtu wa Kilwa anayesema hajui hata neno moja la Kingereza, mara nyingi ana Kingereza mfukoni. Noti ya dola anayopokea sokoni imeandikwa Kingereza pande zote mbili. Anaigeuza, anatafuta kama imepasuka, anatazama mwaka wake, kisha anaikubali au anairudisha. Anaijua noti hiyo kwa vidole na kwa macho, lakini maneno yaliyo juu yake anayapita tu.

Ndivyo Kingereza kilivyo katika mji huu wa Haut-Katanga, kando ya ziwa Moero. Kipo, kinafanya kazi, kinaamua mambo, na wanainchi wengi wanapita kando yake. Kwa hiyo namna ya kumfundisha mtu Kingereza cha mwanzo si jambo la watoto wa shule peke yao.

Ng'ambo ya ziwa ni Zambia. Hata kisiwa kiitwacho Kilwa, ndani ya ziwa hilo hilo, ni cha Zambia. Watu na bidhaa wanavuka kwenda Nchelenge na kurudi. Tangu uhuru wake mwaka 1964, Zambia inatumia Kingereza kama lugha ya serkali. Lakini mama muuza samaki wa Kilwa akifika ng'ambo hapati shida kubwa ya kuongea. Kibemba kinasemwa pande zote mbili za ziwa. Hahitaji kusema "good morning" ili auze samaki wake.

Shida inaanza pale anapopewa karatasi. Karatasi ya forodha, risiti ya ushuru, kibali cha kukaa siku chache: maandishi ya ofisi za ng'ambo ni ya Kingereza. Kila mwaka Zambia inafunga uvuvi kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka mwisho wa mwezi wa pili, na asiyejua kusoma sheria hiyo anaweza kupoteza nyavu zake. Dawa zinazotoka ng'ambo nazo zina maandishi ya Kingereza kwenye pakiti. Hapo Kibemba kinanyamaza, na mtu anaanza kutafuta wa kumsomea. Anayemsomea anaweza kuwa mtu mwema. Anaweza pia kuwa yule yule anayetaka pesa zake.

Pamoja na hayo, masomo ya Kingereza cha mwanzo huanzia mbali na karatasi hizo. Kitabu kinafunguliwa kwa salamu, kwa majina ya rangi, kwa "this is a table". Mwanafunzi wa sekondari anakariri vitenzi, anafanya mtihani, anasahau. Mtu mzima anayelipa makuta yake ili asome jioni anakutana na somo lile lile. Baada ya miezi mitatu anaweza kutaja jina lake na umri wake, lakini hawezi kusoma maelezo ya vidonge alivyomnunulia mtoto.

Ingefaa mambo yageuzwe. Somo la kwanza liwe karatasi yenyewe: "name", "date", "amount", "paid", "sign here", "use before". Na zaidi ya yote, neno dogo "not", herufi tatu tu zinazopindua maana yote. Tofauti ya "paid" na "not paid" inaweza kuwa mzigo mzima wa samaki. Maneno mia moja ya namna hii, yakijulikana vizuri kwa macho, yanamlinda mtu wa mpakani kuliko salamu nyingi. Kuongea kutafuata, kwa sababu aliyezoea kusoma neno kila siku haogopi tena kulitamka.

Mkongomani aliyesoma ana msaada mwingine. Kifaransa kimempa tayari maneno kama "date", "signature" na "document", ambayo Kingereza kinayaandika vile vile. Lakini msaada huo una mitego. Kwa Kifaransa, "demander" ni kuomba. Kwa Kingereza, "demand" ni kudai kwa nguvu. Anayemwandikia ofisa wa mpaka "I demand" akidhani anaomba kwa heshima, amekwisha kumkasirisha. "Location" kwa Kifaransa ni kupanga nyumba au kitu. Kwa Kingereza ni mahali. Mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili anaweza kuweka maneno hayo kando kwa kando na kuonyesha mtego ulipo. Na kwa wale walioacha shule mapema, kuwafundisha Kingereza kwa njia ya Kifaransa ni kuwabebesha mizigo miwili kwa mara moja. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 ya RDC imezipa lugha za taifa nafasi katika masomo. Kiswahili ni moja yao.

Wapo watakaosema kwamba Kifaransa kinatosha, kwani ndicho lugha ya serkali ya Kongo, na kwamba Kingereza ni cha wasafiri. Hoja hiyo ina ukweli, lakini historia ya Kilwa inaipinga. Katikati ya mwezi wa kumi mwaka 2004, kikundi kidogo cha waasi kiliingia mjini, na jeshi la serkali likaurudisha mji. Watu zaidi ya 70 waliuawa. Magari ya kampuni ya Anvil Mining, iliyochimba shaba huko Dikulushi, yalitumiwa na jeshi. Kampuni ilisema yalichukuliwa kwa amri ya wakubwa. Hisa za kampuni hiyo ziliuzwa Australia na Kanada, na ripoti zake kwa wenye hisa ziliandikwa Kingereza. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi haikumhukumu mtu yeyote kwa mauaji hayo. Mwaka 2017 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao yake Banjul, Gambia: serkali ya Kongo ilikutwa na kosa, ikatakiwa kulipa wahanga na jamaa zao dola milioni 2.5.

Kingereza hakingezuia risasi hata moja. Wala kujua kusoma hukumu hakuleti malipo yake. Lakini mji ambao habari zake zilizunguka dunia nzima kwa lugha ya wengine una haki ya kuwa na watu wengi, si wawili au watatu, wanaoweza kuona jina Kilwa katika ukurasa na kuelewa linasemwa nini.

Tangu RDC iliposaini kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, tarehe 8 mwezi wa nne mwaka 2022, karatasi za Kingereza haziwezi kupungua. Shule, parokia na vyama vya wavuvi havihitaji kungoja vitabu kutoka Kinshasa. Kila anayekuja kusoma alete karatasi moja iliyomshinda: risiti, pakiti ya dawa, kibali cha zamani. Mwalimu aanze na hiyo.