Barabara ni ya Nani?

Ndugu msomaji, hebu nikuulize: barabara ni ya magari ama ni ya watu? Wapo wenzetu wanaodai ati mji usiopanua njia za magari ni mji uliolala. Mimi napinga, na shahidi wangu ni Shijo, barabara kuu ya mji wa Kyoto huko Japani.

Kyoto si mji wa juzi. Ulianzishwa mwaka wa 794 uwe makao makuu ya mfalme, na njia zake zikanyooshwa kama mistari ya daftari la hesabu. Shijo maana yake ni njia kuu ya nne. Huanzia mashariki kwenye hekalu la Yasaka, mtaani Gion, ikavuka mto Kamo, ikapita madukani, kisha ikaelekea magharibi hadi hekalu la Matsuo. Kila Julai, katika sherehe za Gion, watu hukokota humo kwa kamba magari ya mbao yaliyopambwa. Mengine yana uzito wa tani 10 na zaidi. Si mchezo!

Sasa sikiza. Pale madukani palikuwa na njia 4 za magari, huku waenda kwa miguu wakibanana kandokando kama dagaa. Mwaka wa 2015 serikali ya mji ilimaliza kazi ya kupunguza njia hizo zikawa 2, na nafasi iliyopatikana wakapewa wanaotembea.

Wenye magari waling'aka. Mgala muue na haki yake mpe: mwanzoni msongamano ulizidi kweli, hata mabasi yakakwama. Lakini jamani, tupige hesabu. Gari dogo mara nyingi humbeba dereva peke yake, nalo hula nafasi ya watu kadhaa. Tena mwenye gari ana njia nyingine, maana treni ya chini kwa chini hufika pale madukani tangu 1963. Je, mzee mwenye mkongojo aende wapi akisukumwa barabarani? Yeye hana ila ile kando.

Miongoni mwetu wamo wahandisi na madiwani wa kesho. Siku mtakapokalia viti hivyo, msianze kwa kuhesabu magari. Anzeni na miguu. Hata mwenye gari, akishashuka, ni mwenda kwa miguu kama sisi.