Kwera Kabla ya Tai

Mashindano ya picha za ndege yana upendeleo wake: tai akinyakua samaki, kucha mbele, maji yakiruka, amekwisha kushinda kabla majaji hawajakaa. Ni picha tamu, sikatai. Ila kwa msomaji wa Holili nina mshindani mwingine. Kwera wa Taveta, yule wa manjano mwenye hudhurungi kifuani, makao yake ya asili ni kusini-mashariki mwa Kenya na kaskazini-mashariki mwa Tanzania tu. Kwenye matete ya Ziwa Jipe anapiga kelele kutwa, na hakuna anayegeuza shingo.

Toleo hili linamgeukia yeye, kwa sababu ndege aliyezoeleka ndiye anayempima mpiga picha. Tai humbeba hata mvivu. Kwera anataka ujue kwamba dume huchana ukanda wa jani bichi, akasuka kwanza pete ya kusimamia, ndipo akaongeza chumba; asiyejua hilo atabonyeza pete ikiwa imeshapita. Anataka pia udamke, maana jua la saa sita hufuta manjano yake yote pichani. Na akipiga bawa, hata kasi ya 1/2000 ya sekunde huenda isitoshe.

Mvuto wa tuzo ndio hatari yake. Mwaka 2009 picha ya mbwa mwitu wa Ulaya akiruka lango ilishinda shindano kubwa la London, lile lililoanza 1965. Mapema 2010 ikavuliwa ushindi, majaji wakiamini mnyama alikuwa wa kufugwa. Mpiga picha alikana. Kama walikuwa sahihi, aliyedhulumiwa ni mtazamaji. Anayekata matete ili kiota kionekane vizuri amewadhulumu makinda, maana mwewe naye anaona. Ndiyo sababu humu tumechapa viota vinavyosukwa, na vyenye makinda tukavirudisha, vingine vizuri kweli.

Tuzo za picha za wanyamapori zenye jina la hayati Benjamin Mkapa, zilizofungua maonyesho yake ya kwanza Nairobi mwaka 2021, ziliwatengea vijana wa Afrika nafasi yao. Natamani vijana wa Rombo na Mwanga wampeleke kwera huko. Kwa waandaaji wa mashindano yote nina ombi: fomu iulize ndege alifanya nini baada ya kupigwa picha. Kama aliruka akaacha kiota, lenzi ilikuwa karibu mno, na picha hiyo isifike mezani kwa majaji.