Shadow 2 au P226? Shemeji yangu, bastola mbili na saa nane za usiku

Mnisamehe kwa kimya cha wiki tatu, kuna mradi ulikuwa umenishika shati. Leo hakuna Linux, hakuna PHP, hakuna simu mpya. Leo ni bastola. Najua, najua. Vumilieni kidogo, kompyuta zitaingia tu, mimi huwa siwezi kuongea kitu kingine kwa muda mrefu.

Chanzo ni shemeji yangu. Anaishi Dallas, Texas, na dada yangu na watoto wao wawili, na tangu mwaka juzi ameshikwa na homa ya kulenga shabaha. Jumamosi ukimtafuta kwa simu humpati, yuko uwanjani. Mwezi uliopita akaniandikia: amekusanya pesa, anataka bastola moja, kubwa, nzuri, ya kudumu nayo. Amechuja hadi zimebaki mbili, CZ Shadow 2 na SIG Sauer P226, na kila moja inapita dola elfu moja. Jumamosi aende nayo kwenye shabaha. Siku nyingine zote ikae chumbani, ilinde nyumba. "Wewe ni mtu wa mitambo," akasema, "nichagulie."

Kwetu Kenya swali hili huwakuta wachache. Lazima uwe na cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na uieleze bodi ya leseni sababu ya kutosha. Wenye vyeti wapo, na ukipita Kirigiti kule Kiambu siku ya mashindano utawasikia kabla hujawaona. Na jina la mojawapo ya bastola hizi unalijua hata kama maishani hujashika kitu kikali kuliko manati: CZ ndiyo ile "Ceska" ya taarifa za habari, kutoka kiwanda cha Uherský Brod huko Cheki. Texas ni dunia nyingine. Unajaza fomu dukani, jina lako linakaguliwa kwenye mfumo wa FBI ulioanza kazi 1998, mara nyingi jibu linarudi baada ya dakika chache, unalipa, unaenda nyumbani. Hakuna anayekuuliza nyumbani kwako pakoje. Swali hilo limebaki la shemeji.

Sasa, mimi si mtaalamu wa silaha. Lakini mwaka jana nilipowatembelea tulikwenda kwenye uwanja wa ndani ambapo bastola hukodishwa kama viatu vya kuteleza kwenye barafu, na nikazipiga zote mbili. Kwa hiyo nina la kusema.

Shadow 2 ni mtoto wa CZ 75, ile iliyochorwa na ndugu wawili, Josef na František Koucký, miaka ya 1970. Ujanja wake mkubwa uko kwenye slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi ikitoka. Kwenye bastola nyingi slaidi hukumbatia reli za fremu kwa nje. Hapa inapita kwa ndani. Ndiyo maana imelala chini, mkono wako unakaa juu karibu na mtutu, na pua ya bastola haipandi sana. Juu ya hapo Shadow 2, iliyotoka 2016 kwa ajili ya mashindano, ni chuma tupu: gramu 1,330 bila risasi. P226 ina fremu ya aloi ya alumini na inacheza kwenye gramu 964. Hizo gramu 366 za tofauti zinameza teke lote. Risasi ni ileile ya milimita 9, lakini ya Cheki inakusukuma, ya SIG inakupiga kofi dogo.

Na triga! Sijui nielezeje. Unaigusa, nyundo inaanguka, kwisha. Mita kumi, risasi kumi za kwanza, matundu yote yangefunikwa na kisosi cha chai. Mimi huyu, ambaye kitu pekee ninachobonyeza kwa ustadi ni kibodi.

P226 ni ya hadithi nyingine. Ilitengenezwa kwa ajili ya shindano la jeshi la Marekani la 1984, ikafika mwisho pamoja na Beretta 92, ikashindwa kwa bei. Wapiga mbizi wa kikosi cha SEAL waliichukua hata hivyo na kuitumia kwa miaka mingi. Ni ya kuvuta mara mbili tofauti: risasi ya kwanza, nyundo ikiwa imelala, triga inataka nguvu ya kilo 4.5 hivi na safari ndefu ya kidole. Zinazofuata, nyundo ikiwa tayari imejivuta nyuma, kilo 2 tu. Matokeo yangu? Risasi ya kwanza ilienda chini kushoto. Nikaishusha nyundo, nikajaribu tena. Chini kushoto. Shemeji alicheka mpaka akavua miwani.

Kwa shabaha basi hakuna mjadala, ni Shadow 2, na kama swali lingekuwa hilo tu makala yangeishia hapa.

Lakini uliza kwa nini triga ya Shadow ni tamu vile. Sehemu ya jibu ni kwamba kuna kitu kimeondolewa. CZ 75 za baadaye zina herufi B kwenye jina, na hiyo B ni kizuizi: kipande kidogo cha chuma ndani ya slaidi kinachoishika pini isiweze kuigonga risasi mpaka triga ivutwe. P226 inacho. Shadow 2 haina. Kila kipande ambacho triga inakisukuma njiani huongeza mkwaruzo, na mshindani hataki mkwaruzo, kwa hiyo kimetolewa, na pini inazuiwa na springi yake peke yake. Si kwamba itafyatuka kila ikianguka, la hasha. Lakini ikiangukia pua kwa nguvu ya kutosha, pini ina uhuru wa kuendelea na safari.

Waandishi wa programu tunamjua huyu mtu. Ni yule anayeondoa ukaguzi wa data kwa sababu "unachelewesha mfumo." Ukipima kasi, ana haki! Na kwenye maabara, ambako data zote ni safi, hakuna kinachoharibika. Uwanja wa shabaha ndiyo maabara: bastola iko tupu mpaka msimamizi aseme, mtutu unatazama upande mmoja, watu wote wako macho. Chumba cha kulala si maabara. CZ wenyewe wanaijua tofauti hii. Shadow 2 Compact, ile ndogo iliyokuja 2023, imerudishiwa kizuizi.

Na msidhani SIG ni malaika. Mwaka 2017 ilionekana kwamba P320, bastola yao nyingine, ikianguka kwa pembe fulani inaweza kupiga yenyewe, wakatangaza marekebisho ya bure kwa waliokwisha kuinunua. Yaani walitoa kiraka, kama sisi. Ila kiraka cha programu hakimkuti mteja tayari ana tundu mguuni. P226 ni mashine tofauti kabisa na hiyo, lakini nimeona niseme, nisije nikaambiwa nimelipwa.

Kuna jambo lingine lililonisumbua kuliko hilo la pini, nalo ndilo lililonifanya niandike. Bastola hizi mbili zina hali ngapi?

Mnakumbuka Larry Tesler, yule wa Xerox PARC aliyehusika na kunakili na kubandika? Alizichukia hali. Gari lake lilikuwa na namba iliyosomeka NOMODES. Alichochukia ni programu ambayo kitendo kilekile kinaleta matokeo tofauti kutegemea hali usiyoiona. Aliyewahi kufungua vi kwa mara ya kwanza ananielewa: unaandika jina lako, nusu ya faili inatoweka.

Shadow 2 yenye risasi chemba unaweza kuiweka namna tatu. Nyundo nyuma na kufuli limefungwa. Nyundo nyuma na kufuli wazi. Nyundo imelala, ambapo kufuli halifungiki kabisa. Ukitaka kuilaza hiyo nyundo, hakuna wenzo wa kukusaidia: unaishika kwa dole gumba, unavuta triga ya bastola yenye risasi, na unaiteremsha taratibu huku ukimwomba Mungu dole lisiteleze. Wanamashindano hufanya hivyo mchana mweupe mbele ya msimamizi, mtutu ukiwa umeelekea tuta la mchanga. Shemeji atafanya hivyo akiwa na kaptula ya kulalia, na mtutu umeelekea wapi?

P226 ya kawaida haina kufuli la dole. Ina wenzo upande wa kushoto. Unaubonyeza, nyundo inalala yenyewe salama. Basi. Ukiwa umefuata desturi hiyo, kila mara utakapoigusa itakuwa vilevile: nyundo imelala, triga nzito na ndefu. Hakuna cha kukumbuka. Zile kilo 4.5 zilizonifanya nichekwe uwanjani ndizo ninazozitaka saa nane za usiku, kwa sababu mtu hawezi kuvuta kilo 4.5 kwa bahati mbaya kirahisi, kidole kikitetemeka, huku akijiuliza kama ile sauti jikoni ni mwizi au ni mwanawe anatafuta maziwa.

Saa nane za usiku nazijua. Miaka michache iliyopita nilikuwa nimefungua madirisha mawili meusi kwenye skrini, moja la mashine ya majaribio, jingine la mashine halisi ya mteja. Yanafanana. Nikaandika amri ya kufuta jedwali la wateja, nikabonyeza, ndipo nikasoma jina la mashine. Sikuwa mlevi, wala si mgeni wa kazi, nilikuwa na usingizi tu. Tulirudisha data kutoka kwenye nakala ya jana yake na mimi nikaomba msamaha kwa wiki nzima. Tangu siku hiyo dirisha la mashine halisi nimelipaka rangi nyekundu. Risasi haina nakala ya jana.

Marafiki wa shemeji huko wanasema yote haya ni suala la mazoezi, na kwamba mtu anayepiga risasi mia mbili kila Jumamosi na Shadow 2 yake ataishika gizani bila kufikiri. Hoja hiyo naiheshimu. Ina ukweli, tena inamgusa mwenye P226 pia: asipofanya mazoezi ya ile risasi ya kwanza nzito, itakwenda chini kushoto kama yangu, na ndani ya nyumba chini kushoto kuna kitu. Ila mazoezi ya uwanjani yanakufundisha kupiga. Hayakufundishi kuamka. (Na wewe unayetaka kuniandikia kuhusu Glock, pole, shemeji aliuliza juu ya mbili.)

Halafu kuna nyumba yenyewe. Sisi tuliokulia kwenye kuta za mawe tunasahau kwamba nyumba nyingi za Marekani zimegawanywa ndani kwa bodi za jasi zilizopigiliwa kwenye mbao. Risasi ya milimita 9 inapita ukuta wa namna hiyo, na unaofuata, bila kubisha hodi. Zile zenye ncha ya shimo hutanuka zikigonga mwili, lakini shimo likishajaa jasi zinaweza kupita kama za kawaida. Mpwa wangu wa miaka sita analala upande wa pili wa ukuta wa chumba cha wazazi. Nimelala kwenye nyumba hiyo, nilimsikia akikohoa.

Kwa hiyo jibu langu kwa shemeji lilikuwa hivi. Kama ni bastola moja kwa kazi zote mbili, nunua P226, ukubali kwamba Jumamosi utashindwa na wenye Shadow kwa pointi kadhaa. Kama roho haiwezi kuiacha Shadow 2, nunua, nami nitakuonea wivu, lakini hiyo ni ya uwanjani: irudi nyumbani tupu, ilale kwenye sefu tupu, na usiihesabu kama ulinzi. Na yoyote utakayochukua, kabla ya kununua hata risasi moja tenga pesa za sanduku la chuma la kufunguka kwa namba, lililofungwa kwa boliti karibu na kitanda. Si droo, si juu ya kabati. Hata Texas, na ulegevu wake wote, ina sheria ya kumwadhibu anayeacha kwa uzembe silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia. Na chagua la vitufe, si la alama ya kidole. Vifaa vya bei rahisi vya kusoma vidole nimeviunganisha na mifumo ya ofisi, najua vinavyofanya kidole kikiwa na jasho.

Nilimtumia haya yote Jumapili usiku. Shemeji hajajibu mpaka leo, nadhani amenuna kwa ajili ya Shadow. Aliyejibu ni dada yangu. Ameuliza hilo sanduku linauzwa wapi.